Miti Imehesabiwa. Mapafu Je?

Mwaka jana nilipata kibarua cha kuandika kutoka kwa shirika moja. Silitaji jina, kwanza kwa sababu pesa yake niliila, pili kwa sababu kosa nitakalolieleza si la kwake peke yake. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Wananitumia rasimu ya ripoti yao ya uendelevu, mimi nainyoosha: napunguza maneno, napanga aya, narekebisha Kiingereza kilichoandikwa na watu watano tofauti. Shilingi 800 kwa ukurasa. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu karo ikiwa imekataa kabisa, anayelipia chumba kimoja hapa Voi kwa kuungaunga, hiyo si pesa ya kuchezea. Nikasema asante Mungu, nikachaji laptopu.

Katikati ya ile rasimu kulikuwa na sentensi moja niliyoipenda, kwa sababu ndiyo pekee iliyosikika kama imetoka mdomoni mwa mtu. Ilisema kwamba kina mama wa kijiji jirani walisimama kwenye mkutano wakalalamika kuwa watoto wanakohoa usiku tangu malori yaanze kupita, na wakaomba barabara iwe inamwagiwa maji. Basi. Nikarekebisha koma, nikaiacha. Kesho yake rasimu ikarudi na maoni pembeni: tafadhali ondoa hii, haihusiani na viashiria vyetu.

Nikaiondoa. Ilichukua sekunde mbili. Pale ilipokuwa wakaweka picha ya msichana wa shule akipanda mche, anacheka. Ripoti ikatoka, inang'aa, kurasa nyingi. Mimi nikalipa kodi ya nyumba. Kina mama na watoto wao, sijui wanalala vipi.

Nimekaa na hiyo sentensi muda mrefu, na nimefika mahali sasa nasema wazi: shirika lisiloweza kuonyesha linaifanyia nini miili ya wafanyakazi wake na majirani wake halina haki ya kujiita endelevu. Hata likipanda miti kutoka Voi mpaka Taveta. Afya ya watu si ukurasa wa picha mwishoni mwa ripoti. Ndiyo hesabu ya kwanza, na hapa kwetu ndiyo hesabu isiyofanywa.

Nasema hapa kwetu kwa sababu Taita Taveta ni mahali panapohesabiwa kuliko unavyofikiria. Zaidi ya nusu ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, Mashariki na Magharibi. Ndovu wetu wanahesabiwa kwa ndege. Mkonge unapimwa kwa tani, vito vya thamani kwa karati, abiria wa SGR kwa tiketi tangu 2017. Hata hewa ambayo miti inavuta tumeifanyia hesabu, tukaipa bei, tukaiuza ng'ambo. Kila kitu kina namba. Sasa uliza swali la mtoto wa darasa la nne: ni wafanyakazi wangapi wa hizi kampuni waliugua kifua mwaka jana? Ni wanawake wangapi walishikwashikwa kazini? Utaambiwa uandike barua.

Tuanze na hewa, kwa sababu hapo ndipo jina letu lilipofika mbali.

Ukitoka Voi kuelekea Mombasa, ukifika Maungu ukate kulia, unaingia nchi ya Kasigau na Rukinga. Huko kampuni ya Kimarekani iitwayo Wildlife Works inaendesha mradi wa kuhifadhi msitu mkavu, takriban hekta 200,000. Mwaka 2011 mradi huo ukawa wa kwanza duniani wa aina ya REDD+ kupewa krediti za kaboni chini ya kiwango ambacho leo kinasimamiwa na shirika la Verra. Kwa Kiswahili cha matatu: miti isipokatwa, hewa kaa haiendi angani, na hiyo hewa isiyokwenda angani inageuzwa cheti, halafu kampuni kubwa inanunua cheti ili ijisafishe jina. Netflix walinunua. Kwa hiyo kuna uwezekano ile sinema uliyotazama juzi ukiwa umelala ilisafishwa kwa vichaka vya kina babu zetu.

Sitakuwa mjinga niseme mradi haukuleta kitu. Watu waliajiriwa mahali ambapo ajira ni kama mvua ya Januari. Kuna kamati za kaboni zilizochaguliwa na wananchi, kuna basari, kuna miradi ya maji. Nina marafiki waliosoma kwa hiyo pesa, wakamaliza chuo, wakati mimi nilirudi nyumbani na begi. Siwaonei wivu. Naam, kidogo.

Halafu ikaja Novemba 2023. SOMO, shirika la utafiti la Uholanzi, pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile ya kiraia tunayoijua kama KHRC, walitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wafanyakazi wa sasa na wa zamani pamoja na watu wa jamii. Waliohojiwa walieleza kwamba baadhi ya wanaume wenye vyeo walidai ngono kutoka kwa wanawake ili wapate kazi, wapandishwe cheo au watendewe vizuri, na kwamba mambo hayo yaliendelea kwa miaka. Kampuni ilijibu kuwa ilifanya uchunguzi wake, ikawasimamisha kazi baadhi ya watu, na ikakana kwamba tabia hiyo ilikuwa imeenea. Verra nao wakausimamisha mradi kwa muda ili wauangalie. Mimi sikuwepo, na si kazi yangu kuwa hakimu. Hukumu yangu ni juu ya kitu kingine kabisa.

Tangu 2011 mradi huo umekaguliwa mara kadhaa. Wakaguzi walikuja, wakalala kwenye hoteli, wakapima vipenyo vya miti, wakaongea na kamati, wakapiga mhuri. Malalamiko yaliyokuja kutolewa mwaka 2023 hayakuonekana kwenye mihuri hiyo. Kwa nini? Si lazima wakaguzi wawe wabaya. Mkaguzi anatafuta kile karatasi yake inamwambia atafute. Ukimtuma mtu sokoni anunue nyanya, hatakuletea vitunguu hata kama vimejaa mezani. Karatasi iliuliza sana kuhusu mti. Ilimuuliza mwanamke maswali machache, tena ya aina ambayo huwezi kujibu ukweli wakati bosi wako yuko kwenye kiti cha pili.

Kuna mtu ataniambia, sasa hiyo ni kesi ya nidhamu kazini, afya ya umma imeingiaje? Imeingia mlango wa mbele. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba ukatili dhidi ya wanawake ni tatizo la afya ya umma. Mwanamke anayelazimishwa kulala na supavaiza ili abaki na kazi anabeba hatari ya mimba, ya virusi, ya usingizi uliopotea, ya ndoa kuvunjika. Mzigo huo anaupeleka nyumbani, kisha zahanati, kisha anaubeba miaka. Kampuni hailipii hata panadol. Kwenye ripoti ya mwaka anaonekana mara moja tu, kama asilimia: wanawake walioajiriwa.

Na msidhani huu ni ugonjwa wa wazungu na miti yao. Shuka chini kidogo mpaka Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, uone mfano ambao ungetakiwa kufundishwa kila darasa la biashara Kenya. Mwaka 2007 pale kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Fikiria neno lenyewe: kuchakata. Kitu kilichochakaa kinapata maisha mapya, taka zinapungua, kazi zinapatikana. Ukinipa mimi shilingi 800 kwa ukurasa, hicho kiwanda nakuandikia ripoti ya uendelevu itakayokutoa machozi.

Ila ndani ya mabati ya Owino Uhuru watoto walikuwa wanavuta risasi. Phyllis Omido, mama kijana aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, alimwona mwanawe anaugua, na vipimo vikaonyesha sumu hiyo mwilini mwa mtoto. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele. Alikamatwa, alitishwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya mazingira Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: kutoka siku kiwanda kilipoanza kutoa moshi mpaka siku mahakama ya mwisho iliposema neno la mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho.

Kitu kimoja katika hukumu ile ya 2020 kinanikaa kichwani. Lawama haikuwekwa kwa wenye kiwanda tu. Taasisi za serikali nazo zilibebeshwa sehemu yake, ikiwemo NEMA na hata Wizara ya Afya. Yaani mahakama ilisema: nyinyi ndio mliotakiwa kuangalia mwili, na mwili hamkuuangalia. Huo ndio uwajibikaji. Haina maana NEMA kuangalia bomba la moshi na Wizara ya Afya kuangalia mtoto, kama hizo ofisi mbili hazijawahi kukaa meza moja zikauliza kama moshi na mtoto vinajuana.

Turudi nyumbani. Nina shangazi yangu aliyefanya kazi ya mkonge miaka kumi na minne. Shamba gani, tuache. Alikuwa kwenye chumba cha brashi, kule nyuzi zinaposafishwa zikang'aa kabla ya kufungwa bando. Akitoka kazini alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, anaonekana kama amezeeka siku moja. Tulikuwa watoto, tunamcheka, tunamwita Bibi Krismasi. Yeye naye anacheka, anakohoa, anacheka.

Majuzi nilimwuliza kama aliwahi kupimwa kifua na mwajiri.

"Kupimwa na nani, mwanangu?" akaniambia. "Sisi tulikuwa tunapimwa kilo za mkonge."

Sikuongeza neno. Nilimalizia kimanga changu.

Kikohozi chake si siri ya sayansi. Watafiti waliopima wafanyakazi wa viwanda vya mkonge Tanzania, matokeo yao yakachapishwa miaka ya 2000, walikuta wanaofanya kazi ya brashi na ya kukamua majani wanasumbuliwa na kikohozi kuliko wenzao wasiokaa kwenye vumbi. Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mahali pa kazi pafanyiwe ukaguzi wa usalama na afya angalau mara moja kila miezi 12, na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kwa hiyo ukaguzi unatakiwa kuwepo, karatasi inatakiwa kuwepo. Swali ni: umewahi kuiona? Imewahi kubandikwa kwenye ukuta wa duka, ikasomwa kwenye baraza la chifu? Ripoti ya miti ina jalada na picha za drone. Ripoti ya mapafu, kama ipo, iko ndani ya droo.

Na usiniambie data hakuna. Hiyo ndiyo sababu iliyonitoa usingizini nikaandika haya. Data iko. Kila zahanati ya hii kaunti inajaza fomu ya mwezi, MOH 705, ugonjwa kwa ugonjwa, siku kwa siku: kifua wangapi, kuhara wangapi, ngozi wangapi. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii laki moja nchi nzima, wakapewa mkoba na simu. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanaandika nani anakohoa, nani mjamzito, choo kipo au hakipo. Posho waliyoahidiwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Hao kina mama wenye fulana na mkoba wanajua afya ya kijiji kuliko mkurugenzi yeyote wa uendelevu anayekuja na ndege asubuhi akarudi jioni.

Lakini fomu ya zahanati inahesabu ugonjwa, haiulizi mgonjwa anafanya kazi wapi. Ripoti ya kampuni inahesabu wafanyakazi, haiulizi wakitoka getini wanaenda zahanati gani. Karatasi mbili, kilomita chache kati yake, na hakuna aliyewahi kuziweka upande kwa upande. Niliwahi kumwuliza sista mmoja wa zahanati kama kampuni jirani imewahi kuja kuuliza takwimu zake. Akafikiri. "Walikuja siku ile ya kambi ya matibabu," akasema. "Walitaka kujua tumehudumia wangapi, waandike kwenye bango."

Ah, kambi ya matibabu. Tuiseme. Unaijua: Jumamosi, hema jeupe, spika kubwa, gavana au mwakilishi wake, fulana za bure, madaktari kutoka Nairobi. Watu mia tatu wanapimwa presha, wanapewa dawa za minyoo, wanapigwa picha. Jumapili hema limekunjwa. Jumatatu mwenye presha amebaki na presha yake na namba ya simu isiyoshikwa. Mimi mwenyewe nina fulana mbili za hivyo, moja naivaa kulalia. Sichukii kambi. Nachukia kambi inapotumika kama jibu la swali ambalo haikuulizwa. Mama ameuliza kuhusu vumbi, wewe umempima sukari.

Najua mnachotaka kuniambia. Manze, kaunti haina kazi, vijana wamekaa stendi, wewe unataka kufukuza wawekezaji? Kampuni ikibanwa sana itahama, utakula afya?

Nimeisikia hiyo hoja nyumbani kwetu, mezani kwetu, na siidharau. Njaa nayo ni ugonjwa. Lakini tazama inachosema kweli. Inasema kwamba faida ya kampuni haiwezi kusimama mpaka mtu fulani augue kimyakimya. Kama hiyo ni kweli, basi si biashara endelevu, ni biashara inayokopa kutoka kwa mwili wa kibarua na haina mpango wa kurudisha. Kama si kweli, basi tatizo liko wapi? Lori la kumwagia barabara maji si roketi. Barakoa ya maana si roketi. Kumpa mfanyakazi wa kike mahali pa kulalamika ambapo bosi wake hawezi kuingia si roketi.

Gharama ya kikohozi haipotei kwa sababu kampuni imekataa kuiandika. Inahama mfuko tu. Inalipwa na mama anayempandisha mtoto bodaboda usiku mpaka Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi. Inalipwa na zahanati inayoishiwa dawa kabla ya mwezi kuisha. Inalipwa na kibarua asiye na payslipu, ambaye SHA yake anajilipia mwenyewe, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, mwezi wenye kazi na mwezi usio na kazi. Hawa ndio wafadhili wakubwa wa kampuni zetu, na hawajawahi kuandikiwa hata barua ya asante.

Wengine watasema kampuni si hospitali, afya ni kazi ya serikali. Nusu ya hiyo ni kweli. Afya imegatuliwa tangu katiba ya 2010, kaunti ina lawama zake na siku yake itafika. Serikali nayo ni shirika, tena kubwa kuliko yote. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi, kaunti yetu hii, na maji yake yamekuwa yakienda Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Wakati huohuo Voi tunajua bei ya mtungi wa lita 20 kama tunavyojua majina yetu. Ukiangalia Mombasa, huo mradi umefaulu miaka sabini. Ukiangalia mama wa Voi anayenunua maji ya mkokoteni, sijui umefaulu kwa nani. Kwa hiyo sheria ninayoitaka kwa kampuni naitaka kwa serikali vilevile. Lakini ile nusu nyingine, ile ya kusema kampuni haihusiki na afya, ni uongo. Kifungu cha 42 cha katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuidai hata bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Katiba haikusema kila mtu isipokuwa anayeishi karibu na mwekezaji.

Kuna historia ya zamani ya Kasigau ambayo wazee wanaijua na shule hazikutufundisha vizuri. Mwaka 1915, katikati ya vita vya Waingereza na Wajerumani, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia maadui. Wakachoma vijiji, wakawakusanya watu wakawapeleka Malindi. Watu wa mlimani wakatupwa pwani yenye malaria. Wengi walikufa huko. Ilikuwa miaka ya 1930 ndipo walionusurika walipoanza kurudi mlimani kwao. Silinganishi kampuni ya leo na jeshi la mkoloni. Ninachosema ni kwamba mlima ule unajua tayari maana ya kusimamiwa na ofisi ya mbali inayoandika kila kitu isipokuwa waliougua.

Sasa tunataka nini? Polemiki bila madai ni kelele za baa, kwa hiyo haya yangu.

Moja. Kila shirika linalotoa ripoti ya uendelevu kuhusu hii kaunti liweke ukurasa wa mwili, mbele, kabla ya miti. Walioumia kazini wangapi, wakiwemo vibarua. Vumbi limepimwa lini, maji yamepimwa lini, majibu ni yapi. Malalamiko ya ngono na unyanyasaji mangapi, yaliishaje. Na pembeni yake, takwimu za jumla za zahanati iliyo karibu, bila jina la mgonjwa yeyote, mwaka huu dhidi ya mwaka jana. Soko la Hisa la Nairobi lilishatoa mwongozo wa ripoti za namna hii mwaka 2021, lakini ni kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Anayechimba, anayelima na anayeuza hewa huku kwetu mara nyingi hayumo.

Mbili. Pa kulalamikia pawe nje ya geti. Si sanduku la maoni ambalo ufunguo wake uko na anayelalamikiwa. Wahudumu wa afya ya jamii wapewe nafasi kwenye hizo kamati, kwa sababu wao ndio wanaoambiwa ukweli jikoni.

Tatu, na hii ni ya haraka. Septemba 2023 rais alitia saini mabadiliko ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Sasa mradi wa kaboni kwenye ardhi ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya gharama kutolewa. Wasee, kila mtu anabishania hiyo asilimia. Nimekaa kwenye mikutano, nimesikia 40, 40, 40 mpaka kichwa kikauma. Sijasikia mtu hata mmoja akiuliza mkataba unasema nini kuhusu afya. Tukisaini bila hilo, tutakuwa tumejadili bei ya hewa tukasahau wanaoivuta.

Nne. Ripoti isomwe kwa sauti, barazani, kwa Kiswahili na kwa Kidawida, kabla haijapelekwa London. Kama sentensi haiwezi kusomwa mbele ya watu inaowahusu, isiandikwe.

Na sisi vijana tulioenda shule kidogo tuna dhambi yetu humu. Sisi ndio tunaoandika hizi ripoti, tunaozipigia picha, tunaozitengenezea video za sekunde thelathini zenye muziki wa kusisimua. Tumekuwa mafundi wa kupaka rangi ukuta wenye ufa. Najua njaa ya kazi, naijua kwa jina. Simwambii mtu akatae kibarua wakati mimi sikukataa. Ila ukiulizwa ufute, uliza kwa nini, kwa maandishi. Weka nakala. Siku moja mtu ataihitaji, labda kortini.

Mimi nakala yangu ninayo. Kwa hiyo ile sentensi niliyoifuta kwa sekunde mbili nairudisha hapa, kwa lugha ambayo wenyewe waliisema kabla haijageuzwa Kiingereza: kina mama wanasema watoto wanakohoa usiku tangu malori yaanze kupita, na wanaomba barabara imwagiwe maji.